Arabuni, Amana na Vyumba vya Wanafunzi Kisii na Nyamira

Wametuletea suala baadhi ya ndugu wanaohudhuria darsa, nao ni wazazi ambao watoto wao wamepangiwa kwenda kusoma Kisii na Nyamira. Wasema: mtoto bado yuko nyumbani, hajapata kuiona nchi hiyo, na kabla hajafunga sanduku lake hutokea mtu wa kumwambia kwa simu kwamba kipo chumba kizuri karibu na chuo, lakini wakitakao ni wengi, basi na apeleke dipoziti leo ili awekewe. Mzazi hupeleka. Mtoto akifika, chumba hakipo, au kipo na kina watu wake, na simu ya mtu yule haipatikani tena. Wauliza: fedha hizi katika sharia ni fedha gani? Ni haki ya nani? Na mtu ajilinde vipi asije akaliwa?

Suala hili twalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu msimu wake huja kila mwaka, na kila mwaka huwakuta wazazi wapya ambao hawakusikia yaliyowapata wa mwaka uliopita. Tena tumeona kuwa wengi hulitazama kama bahati mbaya tu, mtu akaguna akasema ni kadari, ilhali ndani yake mna milango ambayo ingefungwa yote kama masharti ya ijara tuliyoyasoma katika vitabu vya fiqhi yangalifuatwa.

Tuanze na sababu. Zamani mtoto wa Pwani aliyebahatika kupata elimu ya juu alikwenda Makerere au Nairobi, na aghalabu alilala katika mabweni ya chuo chenyewe. Siku hizi vyuo vimekuwa vingi, na wanafunzi wengi wa vyuo vya serikali hugawiwa nafasi na idara iitwayo KUCCPS, iliyowekwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mtoto huandika machaguo yake, kisha alama zake na idadi ya nafasi huamua. Basi hutokea wa Lamu au wa Kwale akapelekwa Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho kilianza mwaka 1965 kuwa chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Katika mji huo huo wa Kisii iko Taasisi ya Kitaifa ya Ufundi, na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kina matawi yake Kisii na Nyamira. Vijana wanaoingia ni wengi, na mabweni hayawatoshi. Kwa hivyo wengi hupanga vyumba mitaani, Nyanchwa, Jogoo, Mwembe, Nyamage, Daraja Mbili, na wa upande wa Nyamira hupanga katika mji wao au katika vituo vya biashara kama Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti hizi mbili wapita ndani yake.

Sasa na apime msomaji. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, na kutoka Nairobi hadi Kisii ni zaidi ya 300. Mzazi wa Pwani hawezi kwenda na kurudi ili kutazama chumba, kwani nauli ya watu wawili yakaribia kodi ya mwezi. Wanafunzi wapya huingia karibu wote katika majuma machache ya mwezi wa Agosti na Septemba, na kila mmoja aogopa kufika usiku na mzigo, mvua ikinyesha (na mvua ya Kisii haina msimu kama yetu, basi asisahau kumtilia mtoto sweta), akakosa pa kulala. Umbali, haraka na khofu. Ayari hana mtaji mwingine ila huo.

Wala asidhani mtu kwamba twasema haya kuwatia dosari watu wa Kisii. Watu wa nchi ile ni wakulima na wafanyi biashara wenye bidii, na Waislamu wako huko tangu zamani, wakiwamo Wanubi waliokaa katika mji huo tangu enzi ya Waingereza. Mlaghai wa simu huenda hata Kisii hajapata kufika. Aweza kuwa ameketi mji wowote, labda hapa hapa petu.

Kazi yake huifanya hivi. Hutwaa picha za chumba cha mtu mwingine, chenye vigae na dirisha kubwa, akazitia katika makundi ya simu ambamo wanafunzi wapya huulizana khabari za chuo. Bei huiweka chini kidogo ya ile ya wengine, si chini sana, maana bei ya chini mno humshtua mtu. Tuchukulie asema kodi ni shilingi 5,000 kwa mwezi, dipoziti ni 5,000, na ya maji na stima ni 1,000. Jumla ni 11,000. Mzazi akisita, yeye humhurumia: basi leta nusu tu, 5,500, nyingine utaleta ukifika. Huruma hii ndiyo ndoana. Watu kumi wakiitika kwa picha zile zile, amepata shilingi 55,000 bila ya kuwa na kitasa cha mlango. Na akitakwa akionyeshe chumba, atadai ada ya kuonyesha, shilingi mia tano au elfu, ipelekwe kwanza. Akiisha kuipata, asema mwenye funguo amesafiri.

Yuko mwingine ambaye khatari yake ni kubwa zaidi kwa kuwa ufunguo anao kweli. Huyu ni mpangaji, pengine ni mwanafunzi mwenziwe aliyemaliza masomo, au anayedaiwa kodi ya miezi. Humwingiza mgeni chumbani, akamwonyesha maji yatoka na taa yawaka, akamwambia: mimi nahama, nipe dipoziti yangu niliyoweka kwa mwenye nyumba, na kodi ya miezi miwili, nawe uingie mahali pangu. Mgeni aona kila kitu kwa macho yake, hana shaka, analipa na ufunguo anapewa. Baada ya siku chache mwenye nyumba aja kudai kodi yake, amkuta mtu asiyemjua. Amwambia: mimi sina mkataba nawe, na aliyekuwamo ananidai nini, ilhali mimi ndiye ninayemdai? Mara nyingine ufunguo huo umechongwa nakala tatu, na wageni watatu hukutana mlangoni siku moja na masanduku yao.

Kisha yuko msimamizi wa ploti, yule akaaye langoni akawaonyesha watu vyumba na kuwaamrisha mambo ya maji na taka. Wengi wao ni watu wema. Lakini kumwonyesha mtu chumba si kuwa wakili wa kupokea fedha, na wako walioachishwa kazi zamani ambao bado husimama pale pale kama kwamba wamo kazini.

Na wa mwisho ni mwenye nyumba mwenyewe, ambaye hakuiba mlangoni pa kuingilia, bali angoja mlango wa kutokea. Mwanafunzi akihama baada ya miaka minne, adai dipoziti yake, aambiwa imekwenda katika rangi ya ukuta. Huyu watu hawamwiti mwizi. Tutarudi kwake.

Sasa tuje kwenye hukumu, kwani ndiyo iliyoulizwa. Neno hili dipoziti limekusanya ndani yake vitu viwili ambavyo wanachuoni wamevitenga, na ulaghai wote huu waishi katika kuchanganywa kwake. Kimoja ni arabuni. Kingine ni fedha za kulinda haki ya mwenye nyumba, zinazowekwa kwake mpaka mpangaji atakapotoka. Anayekwambia "lipa dipoziti nikuwekee chumba" aomba arabuni. Anayekwambia "lipa dipoziti, utarudishiwa ukihama" aomba ile ya pili. Mlaghai huomba ya kwanza kwa jina la ya pili, na mwenye nyumba dhalimu hupokea ya pili akaila kwa hukumu ya ya kwanza.

Ama arabuni, ni fedha ambazo mtu hutanguliza ili mapatano yakitimia ziingie katika thamani, na akighairi yeye mwenyewe ziwe za muuzaji. Kuhusu jambo hili wanachuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Mahanafi, Mamaliki na Mashafii wamelikataza, kwa hadithi iliyopokewa na Amri bin Shuaibu kutoka kwa babake, kutoka kwa babu yake, ambayo imo katika Muwatta wa Imamu Malik na katika Sunani ya Abu Daud, na ambayo wajuzi wa hadithi wameisemea udhaifu katika sanadi. Imamu Ahmad bin Hanbal amelijuzisha, na hoja yake ni kisa cha nyumba ya Makka ambayo Nafii bin Abdil-Harithi, aliyekuwa liwali wa Sayyidna Umar huko, aliinunua kwa Safwani bin Umayya ili iwe jela, kwa sharti kwamba Umar akiridhia biashara imetimia, na asiporidhia Safwani atapata mia nne. Katika zama zetu Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei mwaka 1993, likaijuzisha arabuni kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umetajwa.

Sisi wengi wetu hapa Pwani ni Mashafii, na kwa madhehebu yetu fedha hizo hurudi kwa mwenyewe mapatano yakivunjika. Anayefuata kauli ya Imamu Ahmad ana dalili yake, wala hatumgombezi. Lakini khitilafu hii yahusu mnunuzi au mpangaji aliyeghairi kwa khiari yake. Ikiwa chumba hakipo, au kimepewa mwingine, au aliyepokea hakuwa mwenyewe wala wakili wake, hapana mwanachuoni aliyesema kuwa zile fedha ni halali kwa aliyezipokea. Zarudi zote. Twalisema hili wazi kwa sababu kuna madalali wanaowaambia vijana, "arabuni hairudi," kama kwamba ni kanuni ya dini, na kijana hunyamaza akidhani kuwa amehukumiwa kwa sharia.

Ama fedha za pili, zile za kuwekwa mpaka wakati wa kuhama, watu huziita amana, na jina hilo ni zuri, lakini tazama mambo yalivyo. Amana khasa haitumiwi, yawekwa ilivyo. Mwenye nyumba wa leo hupokea dipoziti akaichanganya na mali yake, akanunulia mabati ya ploti nyingine, na mpangaji ajua hivyo na ameridhika. Mali aliyopewa mtu kwa idhini ya kuitumia na kurudisha mfano wake huwa na hukumu ya mkopo, hata ikiwa imeitwa amana. Na tofauti hapa si ya maneno tu: amana ikipotea bila ya uzembe, mwenye kuwekewa halipi; deni halipotei. Mwenye nyumba akisema "mwaka huu mambo yamekuwa mabaya, dipoziti yako imekwenda," ajibiwe kwamba imekwenda kutoka mkononi mwake, haikwenda kutoka katika dhima yake. Analoweza kukata ni gharama ya kitu alichokiharibu mpangaji, kwa kadiri ya uharibifu, kwa hesabu inayoonekana. Rangi iliyofifia kwa jua na kwa miaka si uharibifu wa mpangaji. Hiyo ndiyo manfaa aliyoilipia kodi.

Katika nchi nyingine serikali zimeliona jambo hili. Uingereza, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba akipokea dipoziti katika upangaji wa kawaida ni lazima aisajili katika chombo kilichokubaliwa na serikali, ambacho hutatua mzozo wakati wa kuhama, na sheria ya mwaka 2019 imemzuia kuomba zaidi ya kodi ya majuma matano ikiwa kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Hapa Kenya hatuna chombo cha namna hiyo. Sheria yetu ya kuzuia kodi iliwekewa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya wanafunzi vimepita kiwango hicho. Basi ulinzi wa mtu umebaki katika yale atakayoyafanya yeye kabla ya kutoa fedha.

Na hapa ndipo tuliposema kwamba fiqhi imetangulia. Katika ijara yatakiwa manfaa ijulikane, na mwenye kupangisha awe anaimiliki au ni wakili wa mwenye kuimiliki, na kiwezekane kukabidhiwa. Chumba ambacho hakuna aliyekiona ila katika picha, kwa mtu asiyejulikana, mahali pasipotajwa sawasawa, kimekosa masharti yote kwa pamoja. Huo ni gharari mtupu, hata kama anayepangisha angekuwa mkweli.

Kuona si lazima kuwe kwa macho ya mzazi. Wakili atosha. Na hili ndilo ambalo watu wa Pwani twalipuuza, ilhali ndilo lililo jepesi: katika kila chuo kikuu kuna wanafunzi wetu waliotangulia, wa mwaka wa pili na wa tatu, na wana jumuiya zao, na msikiti wa mji wa Kisii una imamu na jamaa. Mtu mmoja akitumwa kwa miguu yake akafika mahali, akagonga mlango, akauliza wapangaji waliomo, "kodi mwampa nani, na kwa njia gani?", kazi ya wale wa kwanza wote tuliowataja imekwisha hapo hapo. Wala asimuulize mmoja tu. Amuulize mwenye duka lililo mkabala na lango, kwani wenye maduka huwajua wenye ploti kuliko watu wote, na akiwa bado ana shaka aende kwa chifu au kwa mzee wa mtaa. Mpangaji anayehama na kutaka dipoziti yake irudishwe na mgeni ajibiwe kwamba dipoziti yake aidai kwa aliyempa, na mgeni atampa mwenye nyumba ya kwake.

Baada ya hapo ni jina. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 watu wamezoea kutazama nambari na kuacha jina, ilhali jina la mpokeaji huonekana. Jina likiwa si lile la mwenye nyumba mliyeambiwa, mlaghai ana majibu tayari: ni la mke wangu, ni la msimamizi, laini yangu imeharibika. Yote haya yawezekana kuwa kweli, na kwa hivyo dawa yake si kugombana bali ni kusimama mpaka mwenye nyumba athibitishe, mbele ya wakili wenu, kwamba huyo ndiye aliyemwakilisha. Bora zaidi ni kulipa katika akaunti ya benki au nambari ya malipo ambayo wapangaji wengine wa ploti hiyo huitumia. Na fedha zitolewe wakati ufunguo uko mkononi, si kabla.

Wengi wadhani kwamba fedha zikiisha kwenda zaweza kurudishwa na kampuni ya simu. Huduma ya kupeleka ule ujumbe kwenye 456 ni ya mtu aliyekosea nambari. Aliyetuma kwa khiari yake kwa nambari aliyoikusudia hakukosea kwa maana hiyo, na mlaghai huzitoa fedha mara zinapoingia. Hata hivyo na ajaribu upesi, na ujumbe wa mlaghai aupeleke kwenye 333, ambayo ni ya kuripoti walaghai.

Kisha kuna kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul-Baqara, ni aya ya kuandikiana deni. Haikuteremshwa kwa ajili ya watu wasioaminiana peke yao. Karatasi moja yatosha: jina la mwenye nyumba na nambari ya kitambulisho chake, nambari ya chumba na mahali kilipo, kodi ni kiasi gani, dipoziti ni kiasi gani na itarudi lini, na wakati wa likizo ndefu italipwa kodi nzima, nusu, au chumba kitaachwa. Hili la likizo lisisahauliwe. Wanafunzi wengi hurudi wakakuta vitu vyao vimetolewa nje na chumba kina mtu, na mwenye nyumba asema hakuambiwa kuwa watarudi. Siku ya kuingia kijana na apige picha za kuta, sinki, kitasa na dirisha, ampelekee mwenye nyumba kwa simu siku hiyo hiyo. Ukuta wenye ufa tangu awali hautakuwa ufa wake baada ya miaka minne.

Maandishi yana faida nyingine ambayo wachache waijua. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 313, imeweka kifungo cha hadi miaka mitatu kwa mwenye kujipatia mali kwa hila ya uongo. Lakini kifungu kilicho kabla yake chaeleza kwamba uongo huo uwe ni wa jambo lililopo au lililopita. Anayekuahidi, "Jumatatu nitakupa chumba," kisha asikupe, ametoa ahadi ya jambo lijalo, na wakili wake aweza kusema kuwa ni deni tu. Anayesema "nyumba hii ni yangu," na si yake, amesema uongo juu ya lililopo. Basi kabla ya kutoa chochote mwulizeni kwa maandishi: wewe ni mwenye nyumba, au ni wakili, na wakili wa nani? Mwenye haki atajibu mara moja. Mlaghai ama atakimbia, ama atajibu na kujifunga. Na anayejiita wakala wa majumba, sheria iliyopitishwa mwaka 1984 yamtaka awe ameandikishwa na bodi yao. Kumuuliza cheti si utovu wa adabu.

Kwa mzozo wa dipoziti na mwenye nyumba anayejulikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Hapana lazima ya wakili wa mahakama, na sheria yataka kesi ikatwe katika siku 60. Pale ambapo haijafunguliwa, yako mahakama ya mahakimu. Vijana husema shilingi elfu tano hazifai kushtakiwa. Mwenye ploti ya vyumba ishirini ajua kuwa kila mmoja asema hivyo, na hapo ndipo palipo na faida yake.

Tumesema tutarudi kwa mwenye nyumba, na tulimkusudia wa hapa kwetu. Mwaka ule ule wa 2013 ambao Kisii ilipata hati yake, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa vilipata zao. Watoto wa Kisii na Nyamira nao hugawiwa huku, hushuka garini Kilifi au Mombasa na masanduku yao, hawamjui mtu, na wanaowapangisha ni sisi. Wako katika ndugu zetu, watu wa safu ya mbele msikitini, ambao dipoziti ya mwanafunzi wa bara hawajapata kuirudisha hata siku moja, na ukiwauliza husema ndiyo ada ya biashara. Mtoto yule hana ami mjini wa kumsemea, na mtihani umekwisha, na basi laondoka jioni, basi huondoka. Mzazi anayetutaka tumwombee dua mlaghai wa Kisii aangamizwe, na akatazame kwanza daftari yake ya wapangaji waliohama, awatafute kwa nambari zao za simu, awapelekee haki yao. Nambari hizo anazo, kwani kodi walimlipa kwa simu.

Limebaki suala moja la ndugu aliyeuliza kwa faragha, na tumemwomba idhini ya kulijibu hapa kwa kuwa lina faida kwa jamaa wote. Fedha alizotuma hazikuwa zake. Zilikuwa ni mchango uliokusanywa msikitini kwa ajili ya kijana yatima aliyepata nafasi ya chuo, naye akawekwa kuwa msimamizi wake. Akazituma kwa mtu wa simu, zikapotea. Je, atazilipa?

Jibu: yeye ni amini, na amini halipi ila akizembea au akivuka mipaka. Kutuma mali ya watu kwa mtu asiyemjua, kwa chumba ambacho hapana aliyekiona, na ilhali khabari za ulaghai huu zimeenea na njia ya kumpata mtu wa kwenda kutazama ipo, twaona kuwa ni uzembe, na atalipa, ila jamaa waliotoa wakimsamehe kwa khiari yao. Na kusamehe ni kwa kila mwenye kutoa, si kwa kamati peke yake. Lau angalimtuma mtu akaona, akauliza majirani, akaandikiana na aliyeonekana kwa dalili zote kuwa ndiye mwenyewe, akashika ufunguo, kisha likatokea lililotokea, asingalikuwa na dhamana. Na nauli ya huyo aliyetumwa kwenda kutazama hutolewa katika mchango wenyewe, maana ni katika gharama za kuilinda mali.